Yule Mama Kwenye Picha Anaitwa Nani?

SEHEMU YA 1

Leo siandiki chanjo wala uji wa lishe, msinishangae. Wiki iliyopita niliweka hapa picha ya mkunga mmoja wa zamani kule Marekani, mkaniuliza sana nimeitoa wapi na nilifikaje huko. Jibu lake ni refu. Nitaliandika kidogo kidogo, kati ya zamu na zamu, na nikikatisha ghafla mjue nimeitwa leba.

Naanzia msibani. Bibi yangu mzaa mama alifariki mwaka 2011, hapa hapa Nkasi. Siku ya pili kamati ikauliza: picha ya marehemu iko wapi, tuiweke mbele ya jeneza? Tukaangaliana. Tukapekua sanduku la bati, tukapekua kwenye Biblia, tukawapigia ndugu wa Kirando na wa Sumbawanga. Hakuna. Mwisho mjomba akatoa kitambulisho cha bibi cha mpiga kura. Kikapelekwa Sumbawanga mjini kikakuzwa, na ndiyo picha tuliyomzikia. Bibi kakodoa macho, kilemba kimekaa upande, sura ya mtu aliyeambiwa "usitingishike" na mtu asiyemfahamu. Mwanamke aliyezaa watoto tisa na kulima ulezi maisha yake yote, na picha tuliyokuwa nayo ni ile aliyopigwa ili apange foleni ya kura.

Lile jambo lilinikaa. Sikulifanyia chochote kwa miaka mingi, ila lilinikaa.

Sasa, mnaijua baridi ya Namanyere mwezi wa sita. Usiku mmoja wodi ilikuwa imetulia (haitokei mara nyingi, na ukisema kwa sauti "leo kumetulia" basi umeharibu), nimejifunga blanketi, simu mkononi, bando limebaki kidogo. Nikaandika tu kwenye simu: picha za akina mama Tanganyika zamani. Nilikuwa nataka kuona bibi yangu angefanana na nani alipokuwa msichana. Basi.

Nikaangukia kwenye Wikimedia Commons, ghala la picha ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuziangalia na kuzitumia. Kumbe mwezi Desemba 2008 hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Ujerumani, Bundesarchiv, iliweka humo picha zaidi ya 80,000, na kati ya hizo zimo za nchi yetu wakati wa Mjerumani. Nyingi zilipigwa na mtu aitwaye Walther Dobbertin, aliyekuwa na biashara ya picha Dar es Salaam kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Bandari, reli, askari, masoko, wanawake na mitungi, watoto mgongoni. Niliangalia mpaka saa kumi alfajiri.

Tangu hapo nimezijua ghala nyingine mbili, nawatajia kwa sababu ni bure. Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, kina mkusanyiko wa Humphrey Winterton, Mwingereza aliyekusanya picha za Afrika Mashariki miaka mingi. Ziko zaidi ya 7,000, za kuanzia 1860 hadi 1960. Na maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt inazo picha za chama cha wakoloni wa Kijerumani, maelfu kwa maelfu.

Ukitafuta huku kwetu kwa majina ya sasa hupati kitu. Kasanga yetu, pale mwisho wa ziwa kwenye magofu ya boma, Mjerumani aliiita Bismarckburg. Andika hivyo. Ila uwe macho, Togo nako walikuwa na Bismarckburg yao. Mimi nilikaa nusu saa nzima namwonyesha mwenzangu wa zamu "wazee wetu wa Ufipa", kumbe ni Watogo wa watu.

SEHEMU YA 2

Asanteni kwa kusubiri. Jana kulikuwa na mapacha, wote wazima, na mama yao mzima.

Nilisema niliangalia zile picha mpaka alfajiri. Sikusema kilichonifanya nizime simu.

Sisi manesi tumefundishwa kuanza na jina. Mama akifika, kabla hujagusa tumbo, kabla ya kipimo cha presha, unamwuliza anaitwa nani, unaandika. Mtoto akizaliwa, hata kabla hajapewa jina, anafungwa kitambaa mkononi: mtoto wa fulani. Kwa hiyo jicho langu kwenye picha linakwenda chini, kwenye maandishi. Na kwenye zile picha za Mjerumani na za Mwingereza, picha baada ya picha, nikakuta maandishi ya aina moja. Mwanamke wa kabila fulani. Mama na mtoto, mahali fulani. Msichana, wilaya fulani. Mpiga picha ana jina, mwaka upo, hata namba ya picha ipo. Yule mama aliyesimama juani na mtoto wake, hana.

Mwanzo nikafikiri labda yamepotea. Kisha nikasoma na kuelewa kwamba mara nyingi hayakuulizwa kabisa. Picha zilianza kutangazwa duniani mwaka 1839, kule Ufaransa, na hazikukawia kufika kwetu. Nahodha wa Kifaransa Charles Guillain alizunguka pwani ya Afrika Mashariki kati ya 1846 na 1848 akiwa na kamera kwenye msafara wake. Wakati ule kupigwa picha kulikuwa kazi, unatulia kama nguzo mpaka mwanga uingie vya kutosha, ndiyo maana sura za watu wa zamani zimekaza hivyo, msidhani wote walikuwa na hasira. Baadaye ukoloni ulipoingia, picha zikawa za kuonyesha Ulaya "aina" ya watu wa makoloni, kama mtu anavyochora aina za ndege. Nyingine zikachapwa kwenye kadi za posta na kuuzwa. Ndege haulizwi jina lake.

Nilipoelewa hivyo nikazirudia zile picha kwa jicho lingine. Kuna mama unaona kabisa hataki. Kaguna, kageuza uso wa mtoto upande wa kifua chake. Wale mnaokuja kliniki mnaijua ile namna mama anavyomfunika mtoto mtu asiyemjua akikaribia. Haijabadilika.

Lakini haikuwa hivyo kila mahali, na hapa ndipo nilipopata moyo. Mtu akienda studio mwenyewe, kwa hela yake, na nguo aliyoichagua, hata namna anavyosimama ni nyingine. Zanzibar studio zilikuwepo tangu karne ya 19, familia ya akina Gomes, Wagoa, ni kati ya wa kwanza. Mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio pale Mji Mkongwe, na mwanawe Rohit akaja kuirithi. Akipiga mfalme, akipiga wavuvi, akipiga harusi. Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, aliyejifundisha mwenyewe, akikata picha na kubandika mpaka mteja anatokea katika mambo ambayo kamera peke yake isingeyatoa. Watu walikuwa wanalipia kuota! Na Mbarara, Uganda, alikuwepo fundi seremala na mwalimu, Musa Katuramu, aliyewapiga picha jirani zake, wanafunzi, marafiki, miaka ya ukoloni huo huo. Familia ikatunza negativu zake, na mradi wa History in Progress Uganda ulioanza 2011 ukazitoa mtandaoni. Angalia sura za watu kwenye picha za Katuramu. Wanamwangalia mtu wanayemjua.

Sisi wa bara ya mbali huku studio zilichelewa. Bibi yangu kuingia studio ingekuwa safari ya Sumbawanga kwa miguu au kwa lori la mahindi, na hela ya picha ni hela ya chumvi. Sitaki mfikiri kwamba watu wetu hawakupenda picha.

Nimeitwa. Kesho.

SEHEMU YA 3

Hii ndiyo habari ya mkunga mliyeniuliza.

Anaitwa Maude Callen. Ameandikwa jina! Alizaliwa 1898, alikuwa nesi na mkunga, mwanamke Mweusi, akifanya kazi Pineville, kijijini kabisa huko South Carolina, wakati wa ubaguzi. Mpiga picha W. Eugene Smith akamfuata siku nyingi kwenye kazi zake, na tarehe 3 Desemba 1951 gazeti la Life likatoa kurasa nyingi za picha zake. Siku hizi zinapatikana mtandaoni, maana hazina ya picha za Life ilifunguliwa na Google mwaka 2008.

Ndugu zangu, mimi nilizitazama zile picha nikasahau kwamba ni Marekani. Nyumba ya mbao, taa ndogo, msichana yuko kwenye uchungu, jasho linamtoka, na mkunga kainama karibu, mkono uko pale pale tunapouweka sisi. Kuna picha ya gari lake na barabara ya matope, ungesema ni njia ya kushuka ziwani mwezi wa tatu. Kuna anapowafundisha wakunga wa kijijini. Kazi yote ile hakuna anayeipigia makofi, na siku zote tulidhani haipendezi kwenye picha kwa sababu ina damu na uchovu. Smith aliona inapendeza.

Na picha zikafanya kazi. Wasomaji walianza kutuma hela bila kuombwa na mtu, zikafika zaidi ya dola 20,000, na mwaka 1953 zahanati ikafunguliwa kwa jina lake. Maude Callen akaendelea kuwahudumia watu mpaka uzeeni, akafariki 1990.

Nilipoweka picha ile, dada mmoja akaniambia, "Sisi hatuna watu kama hao?" Tunao. Karema, juu kidogo ya ziwa letu, siku hizi Katavi lakini zamani ni sisi hao hao wa Rukwa. Adrien Atiman alizaliwa kama mwaka 1866 karibu na Timbuktu, Mali ya leo. Akaibwa akiwa mtoto, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Mapadre Weupe wakamkomboa kwa fedha kule Algeria, wakamsomesha, halafu wakampeleka Malta kusoma udaktari. Mwaka 1889 akafika Karema na hakuondoka. Alioa huku, alizaa huku, mwanawe akawa padre. Alitibu mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabu mwenyewe, miaka 67! Mwaka 1946 habari za maisha yake zilichapishwa kwa maneno yake mwenyewe. Hospitali ya Dr. Atiman pale Sumbawanga, ambayo wengine wenu mmejifungulia, ndiye huyu.

Picha zake zipo mtandaoni, zitafuteni kwa jina lake. Na hapo hapo nikagundua jambo. Kwa sababu tunalo jina, tunaweza kumtafuta. Mtu akikutwa kwenye picha bila jina, hata mjukuu wake akikaa na simu mwaka mzima hatamfikia. Anaweza kumwangalia bibi yake usoni na kupita.

Kuna moja zaidi ya huyu huyu Smith, na ndiyo iliyonisumbua kuliko zote. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikwenda Minamata, Japani, ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki wenye sumu, na watoto wakazaliwa wameathirika tangu tumboni. Akapiga picha ya mama akimwogesha binti yake kwenye maji. Ni picha ya mapenzi ya mama kama sijawahi kuona. Ilizunguka dunia nzima, ikasaidia watu kuelewa, na wazazi walikubali ipigwe kwa ajili hiyo. Binti alifariki 1977. Miaka ikapita, picha bado inazunguka, magazetini, vitabuni, na wazazi wakafika mahali wakataka binti yao apumzike. Mwaka 1998 Aileen Smith, aliyekuwa mke wa mpiga picha na mwenye haki zake, akaamua isitolewe tena bila ridhaa yao.

Mtandaoni bado ipo. Mimi niliiona kabla sijaijua habari hiyo, na nilikuwa nimeshaihifadhi kwenye simu yangu. Hapa siiweki.

Najua mtasema, nesi, mbona unatuwekea mzigo, sisi tunapiga watoto wetu tu tunaweka statasi. Mtoto wako ni wako, sikufundishi. Ila nimeshaona wodini mtu kaja kumwangalia mzazi, anapiga picha, na nyuma kwenye kitanda cha jirani yuko mama mwingine kalala, nguo haijakaa vizuri, na jioni picha iko kwenye makundi matatu ya WhatsApp. Huyo mama wa nyuma ndiye mwanamke asiye na jina wa siku hizi. Sheria ya kulinda taarifa binafsi tunayo tangu 2022, lakini kabla ya sheria kuna kuuliza tu: mama, nawapiga picha hawa, naomba usogee kidogo?

SEHEMU YA 4, YA MWISHO

Hii niliahirisha mara mbili. Nimebadilisha vitu vidogo ili mhusika asijulikane, na mwenyewe aliniruhusu kuandika.

Alikuwa mama kijana, uzazi wa kwanza, katokea vijiji vya ziwani. Mtoto akazaliwa vizuri, analia vizuri, ana ualbino. Wodi ikanyamaza. Mnazijua sababu, nisizirudie. Sisi wa Rukwa na kanda yote hii tulipita miaka mibaya, watu wenye ualbino wakiwindwa, watoto kwa wakubwa, na hofu yake haijaondoka kwenye nyumba zetu. Mama mkwe alikaa kwenye benchi akiangalia ukuta. Yule binti alinyonyesha vizuri lakini hakumwangalia mtoto usoni.

Ushauri tulimpa: kofia pana na nguo za mikono mirefu, mafuta ya kuzuia jua, macho yapimwe mapema, shuleni akae mbele. Yote ya kweli, na yote hayakumfikia. Nilimwona tu anaitikia "ndiyo nesi, ndiyo nesi".

Usiku nikakumbuka picha za Sarah Waiswa. Ni mpiga picha, mzaliwa wa Uganda, anafanya kazi Kenya. Alipiga mfululizo wa picha za dada mmoja mwenye ualbino katika mitaa ya Kibera, Nairobi, na mwaka 2016 zikampa tuzo kwenye tamasha kubwa la picha la Arles, Ufaransa. Waiswa huyu huyu baadaye alichukua picha za kikoloni zilizohifadhiwa Bristol, Uingereza, akaziweka jirani na picha mpya alizopiga mwenyewe, zikaonyeshwa huko mwaka 2021. Kwa hiyo anaijua vizuri hii habari ya watu wasio na majina.

Nikakaa kitandani kwa yule binti, nikamwuliza kama anataka kuona kitu. Nikafungua. Dada yule amesimama Kibera, kavaa kapendeza, kichwa juu, mabati nyuma yake. Siyo picha ya kuomba msaada. Binti akaishika simu mwenyewe. Aliiangalia muda mrefu mpaka kioo kikazima, nikakiwasha tena.

Akaniuliza, "Anaitwa nani huyu?"

Nikamtajia, maana jina lake limetajwa. Akalirudia kwa sauti ndogo. Halafu akauliza ana miaka mingapi, na nguo ile kaishona wapi, na kama ana mtoto. Hayo sikuyajua. Akarudisha simu, akamfunua mtoto kichwa, akaanza kumwangalia vidole, kimoja kimoja, kama wazazi wote wanavyofanya siku ya kwanza. Sisemi picha ilimponya hofu, asubuhi bado alilia. Wakati wa kuruhusiwa baba wa mtoto alitaka kuwapiga picha mlangoni. Mama akasema piga, lakini usimtumie mtu. Akapiga moja.

Kliniki anakuja. Mtoto ana kilo nzuri.

Sasa ya kwangu. Baada ya hayo yote nikamwambia mama yangu, hivi kweli bibi hakuwahi kupigwa picha nyingine? Mama akasema hakuna, unasumbua. Wiki mbili baadaye akanipigia: mama mkubwa alikuwa anahamisha vitu nyumba ikiezekwa upya, kukatoka bahasha nyuma ya picha ya Bikira Maria iliyokuwa ukutani. Ndani kuna picha ndogo nyeusi na nyeupe, kona moja imeliwa na mchwa. Wanawake watano wamesimama mbele ya ukuta wa matofali, wamevaa nguo za sikukuu, mmoja anacheka mpaka kasogea na picha imefifia usoni. Nyuma pameandikwa kwa kalamu ya risasi: Chala, 1968.

Majina hakuna.

Mama anasema wa pili kutoka kushoto ni bibi, ile ni shingo yake na anavyoweka mikono. Mama mkubwa anasema siye, bibi mwaka ule alikuwa mjamzito mkubwa na huyu hana mimba, bibi ni yule anayecheka. Wamebishana mpaka hawapokeleani simu, jamani, watu wazima. Watatu waliobaki tumepata wawili, nimeandika nyuma kwa penseli, kwa kubonyeza kidogo tu maana kalamu ya wino inapita upande wa pili.

Yupo mtu mmoja anayeweza kuamua, bibi mdogo, mdogo wake marehemu, yuko Kirando. Macho yake si mazuri tena, kwa hiyo nimeipiga picha kwa simu ili niikuze mbele yake, uso mmoja mmoja. Jumamosi nikitoka zamu ya usiku napanda gari la asubuhi.